Kivuli cha Mbuzi wa Bibi Josepha

Kacha-kacha. Hiyo ndiyo ilikuwa saa ya kumwamsha Agnetha. Kila alfajiri, chumba kikiwa bado giza totoro, Bibi Josepha alipeleka mkono chini ya kitanda, akatoa kikopo cha bati kilichowahi kuwa cha mafuta ya kujipaka, akakitikisa kusikia vidonge vya presha vimebaki vingapi. Kacha-kacha. Kifuniko kikafunguka, maji yakashuka kooni, Bibi akasema, "Asante Yesu," na Agnetha akajua amebakiwa na dakika kumi za kulala kabla ya kuitwa kuwasha moto.

Jumamosi ile alisikia kitanda kikilia. Alisikia "Asante Yesu." Kikopo hakikulia.

"Bibi, hujanywa dawa."

"Lala wewe."

"Ya presha, Bibi."

"Mke mwenzangu, umeanza kunihesabia vidonge? Nimeacha. Lala."

Agnetha hakulala tena. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na alimjua bibi yake vizuri: akisema ameacha, ameacha. Aliwahi kuacha sukari kwenye chai miaka mitatu kwa sababu muuza duka wa Ng'ambo alimjibu vibaya.

Asubuhi, wakati wa uji, maneno yote yalitoka. Mwinjilisti Ezekia, mgeni aliyekuwa akihubiri kila jioni kwenye uwanja wazi jirani na njia ya zamani ya misafara, alikuwa ametangaza jambo. Jumapili ya wiki inayofuata, tarehe tano Oktoba, saa sita mchana, watu watakaosimama ndani ya kamba yake wataondolewa vivuli miguuni. Kivuli, alisema, ndicho ugonjwa unaomfuata mtu. Kikiondoka, ugonjwa umeondoka. Watakaobaki nje ya kamba watabaki na vivuli vyao. Na anayetaka kuingia ndani ya kamba aache dawa siku nane kabla, ili Mungu asikute mwenzake kazini.

"Mama," alisema Bertila, mama yake Agnetha, ambaye alikuwa amekwisha kuvaa na anachelewa kwenye cherehani yake mtaa wa Kanyenye, "daktari alisema usikose hata siku moja."

"Daktari amenipa vidonge miaka sita. Nimepona?"

"Hujaanguka!"

"Sijauliza kama nimeanguka. Nimeuliza kama nimepona."

Bertila alimtazama Agnetha, Agnetha akamtazama mama yake, na wote wawili wakashusha pumzi kwa mkupuo mmoja.

Hapo ndipo Agnetha alipokumbuka somo la darasani. Mwalimu Octavian aliwahi kusema kwamba Tabora jua hupita juu ya utosi kabisa mara mbili kwa mwaka, na siku hiyo vitu vilivyosimama wima havina kivuli. Kitabu chake nacho kilisema saa sita mchana jua huwa utosini; yale ya mara mbili kwa mwaka hakuyatilia maanani.

"Bibi, hiyo si miujiza! Ni jua tu! Saa sita mchana jua linakuwa utosini na vivuli vinaisha, vya wote, wa ndani ya kamba na wa nje. Leo nitakuonyesha."

"Nionyeshe," alisema Bibi, akaendelea kukoroga uji.

Ilipokaribia saa sita Agnetha alichomeka mpini wa ufagio uani. Bibi alikaa kwenye kigoda. Mama Janeti, jirani ambaye naye alikuwa ameandikisha jina kwa mwinjilisti, alisogea ukutani na bakuli lake la mchele wa kuchambua. Hata Kadogo, mbuzi wa Bibi, aliacha kutafuna. Redio ya jirani ilitangaza saa sita kamili.

Kivuli kilikuwa palepale, kimelala mchangani kama mtu aliyeshiba. Agnetha alikipima kwa rula. Sentimita kumi na tisa.

"Mtoto wa sayansi!" alicheka Mama Janeti, mchele ukamwagika. "Kivuli kinakuaga au kinakukaribisha?"

"Kasome tena, mke mwenzangu," alisema Bibi, akainuka. "Mimi Jumapili naingia kwenye kamba."

* * *

Jumatatu Agnetha alimvizia Mwalimu Octavian kwenye mlango wa ofisi ya walimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona umenuna?"

"Kitabu kimenidanganya. Kinasema saa sita mchana jua liko utosini. Nimesimamisha fimbo saa sita kamili, kivuli sentimita kumi na tisa. Bibi kanicheka. Mama Janeti kanicheka. Mpaka mbuzi kanicheka."

"Mbuzi hacheki."

"Alitoa meno, Mwalimu."

Mwalimu Octavian alikuwa mtu mrefu, mwimbaji wa sauti ya chini katika kwaya ya Moraviani, na alikuwa na tabia moja iliyowakera wanafunzi wote: hakujibu swali ambalo mwanafunzi angeweza kulijibu mwenyewe. Alitaka kujua kama fimbo ilikuwa imenyooka. Agnetha akasema ilikuwa ya ufagio. Mwalimu akasema hakuuliza ilikuwa ya nini. Agnetha akakiri hajui.

"Haya. Na hiyo saa sita, ni saa sita ya wapi?"

"Ya redio."

"Redio iko Dar es Salaam. Saa ni moja nchi nzima, tumekubaliana hivyo ili treni na ofisi visigombane. Jua halikuwepo kwenye hicho kikao." Alichora mstari mrefu mchangani kwa ncha ya kiatu. "Huku Bagamoyo, huku Tabora. Wapagazi waliobeba mizigo kwa njia hii walitumia miezi. Jua, au tuseme dunia inavyozunguka, njia hiyohiyo ni dakika ishirini na nne. Na hata Bagamoyo kwenyewe saa yetu inatangulia, maana imewekwa kwa kufuata mstari ulio mashariki zaidi, huko baharini."

Agnetha aliutazama mstari. "Kwa hiyo saa sita ya redio, hapa kwetu bado haijafika saa sita?"

"Unaonaje?"

"Si uniambie tu, Mwalimu!"

"Pima."

Alimpa fimbo ya mita moja na uzi uliofungwa nati mwishoni. Uzi ukining'inia sambamba na fimbo kwa pande zote, fimbo imesimama wima. Muda wa chakula cha mchana, wenzake wakigombania makande, Agnetha alichuchumaa nyuma ya darasa na kupima kivuli kila baada ya dakika chache. Saa sita kilikuwa kirefu. Saa sita na robo kilifupika. Kilikwenda kikifupika mpaka ilipokaribia saa sita na dakika arobaini, kisha, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, kikaanza kurefuka tena. Kilipokuwa kifupi kuliko vyote kilielekea kusini, urefu wa sentimita nne na milimita mbili.

Nne na mbili! Alitaka kulia. Hakikuisha.

"Hakiishi, Mwalimu."

"Leo. Andika. Kesho pima tena."

Jumanne: sentimita tatu na nusu. Jumatano: mbili na milimita nane. Agnetha aliitazama karatasi yake mpaka tarakimu zikaanza kumtazama yeye. Kila siku kilipungua milimita saba. Milimita ishirini na nane zimebaki. Ishirini na nane gawanya kwa saba.

"Siku nne," alisema. "Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi... Jumapili. Mwalimu, ni Jumapili tarehe tano! Mwinjilisti kapatia tarehe!"

"Kapatia," alisema Mwalimu. "Sasa inakuwaje?"

Agnetha aliikunja karatasi. Kama mwinjilisti amepatia, Bibi atasimama ndani ya kamba, ataona kivuli kimetoweka kweli, na kikopo kile hakitalia tena maisha yake yote. Alikaa chini juu ya jiwe. Halafu akasema jambo lililokuwa likimsumbua tangu Jumatatu.

"Mwalimu, wewe unasali. Kumpima mwinjilisti na rula, si ni kumjaribu Mungu?"

Mwalimu hakusema "pima" safari hii. Alikaa naye.

"Mtu akisema Mungu anampenda bibi yako, rula yangu haifiki huko, na sitaipeleka. Lakini akisema kivuli kitaondoka siku hii, saa hii, kwa hawa, na kwa wale hakitaondoka, huyo amekuja kwenye uwanja wa rula kwa miguu yake mwenyewe. Hukumwita. Sasa niambie, wewe na yeye mnakubaliana tarehe. Mnatofautiana wapi?"

Agnetha alifikiri. "Saa," alisema polepole. "Yeye anasema saa sita. Mimi nasema karibu saa sita na dakika arobaini. Halafu... wa nje. Yeye anasema wa nje watabaki na vivuli. Mimi nasema hata mbuzi hatakuwa nacho."

"Basi hapo ndipo pa kuangalia," alisema Mwalimu Octavian.

* * *

Alhamisi jioni Bibi aliinuka kuchukua sufuria, akashika ukuta, akakaa chini taratibu kama gunia linalotua. Kichwa kinamwuma kisogoni, alisema, na nyumba inazunguka. Bertila alimpakia kwenye bajaji hadi zahanati. Muuguzi alifunga kile kitambaa mkononi mwa Bibi, akapampu, akatazama, akapampu tena.

"Mia moja na tisini kwa mia moja na kumi. Bibi, unakunywa dawa?"

Bibi alitazama dari.

"Ameacha," alisema Agnetha. "Mwinjilisti amemwambia aache."

"Na ukipooza upande mmoja, atakuja kukulisha?" aliuliza muuguzi. "Kila siku unayokaa bila dawa ni bahati tu, Bibi yangu. Kunywa hapa hapa nikuone."

"Jumapili."

"Leo!"

"Nimesema Jumapili. Nimeweka ahadi."

Muuguzi alifoka, Bertila akabembeleza, muuguzi akafoka tena. Bibi alirudi nyumbani na dawa kwenye bahasha na mdomo umefungwa. Usiku huo Bertila alikaa jikoni akasaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, akakitia kwenye uji, kisha akakaa akiutazama ule uji.

"Mama, usimpe," alinong'ona Agnetha.

"Unataka afe?"

"Akigundua, hataamini tena chochote kutoka kwetu. Hata Jumapili nikimwonyesha kwa macho yake, atasema tumeweka kitu."

Bertila alifuta macho kwa pindo la khanga, kwa hasira, kama mtu anayefuta meza. Aliumwaga uji nje.

Agnetha aliingia chumbani. "Bibi, tupatane."

"Na wewe umekuja na bomba la presha?"

"Ingia kwenye kamba yako. Siwezi kukuzuia. Lakini Kadogo nitamfunga nje ya kamba, unapoweza kumwona. Mbuzi hajaacha dawa, hajaandikisha jina, wala hajaungama. Kikibaki kivuli chake na chako kikaondoka, sitakusumbua tena. Lakini cha kwako kikiondoka na cha Kadogo nacho kikaondoka..."

Bibi alijikanda kisogo. Kikopo kilikuwa chini ya kitanda, kimya vilevile.

"Nitakunywa," alisema Bibi. "Na ile saa sita yako ya kuchekesha?"

Agnetha alimpa karatasi iliyokunjwa. Alikuwa ameandika: *Saa sita kamili vivuli bado vipo. Vitaisha karibu saa sita na dakika arobaini. Ndani na nje.* Bibi aliichomeka kwenye pindo la khanga bila kuifungua.

* * *

Jumapili uwanja ulijaa. Watu wapatao sitini, wamevaa nyeupe, walisimama ndani ya kamba ya katani iliyozungushwa kwenye vigingi. Bibi alisimama pembeni kabisa, Mama Janeti kando yake akimshika kiwiko. Hatua tano nje ya kamba Agnetha alikuwa amefunga Kadogo, na kando ya mbuzi akasimamisha fimbo ya mita moja na uzi wake wenye nati. Mwalimu Octavian alikuja moja kwa moja kutoka ibadani, bado kashika daftari la nyimbo.

Mwinjilisti Ezekia alikuwa kijana kuliko Agnetha alivyodhani. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa siku nyingi za kuhubiri, na macho yake hayakuwa ya mtu anayedanganya.

Saa sita ilifika. Watu wakainamisha vichwa kutazama miguu.

Vivuli vilikuwepo. Vifupi, vinene, kila mtu na chake.

Minong'ono ikaanza. Mwinjilisti aliinua mkono. "Kuna mmoja kati yetu," alisema, "ambaye moyo wake bado uko na dawa!"

Vichwa viligeuka. Mama Janeti alikiachia kiwiko cha Bibi. "Juzi wewe si ulipelekwa zahanati?" alisema, si kwa sauti ndogo. Bibi Josepha, aliyewalea watoto saba na kuzika wawili bila kuyumba, aliinamisha uso kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Agnetha aliuma meno. Alitaka kupiga kelele. Mwalimu Octavian aliweka mkono begani mwake.

"Bado dakika thelathini na kitu," alisema.

Wakaimba. Jua likawaka. Dakika ishirini na tano zilipopita, wingu moja, moja tu katika mbingu nzima ya Oktoba, likaja likakaa juu ya uwanja.

"Haiwezekani!" alisema Agnetha. "Mbingu yote hii, na lenyewe limechagua hapa?"

"Hata mawingu hayana adabu siku hizi," alisema Mwalimu, lakini naye alikuwa akitazama saa yake kila mara.

Wingu lilisogea kwa uvivu. Mwanga ulirudi kwanza kwenye mabati ya ng'ambo ya barabara, ukavuka, ukafika kwenye kamba. Saa sita na dakika thelathini na sita. Kivuli cha fimbo kilikuwa kama ukucha. Kikawa kama uzi. Kisha Agnetha hakukiona tena.

"Kimeondoka!" mtu alipiga kelele ndani ya kamba. "Kimeondoka! Aleluya!" Watu walirukaruka, wakalia, wakakumbatiana. Mama Janeti alipiga magoti. Mwinjilisti alinyoosha mikono juu, machozi yakimtiririka.

Bibi Josepha hakuruka. Alitazama chini: kivuli kilikuwa kimejificha chote chini ya nyayo zake. Alitoa karatasi kwenye pindo la khanga, akaisogeza mbali na macho, akaisoma taratibu huku midomo ikicheza. Halafu akainua uso akamtazama Kadogo.

Mbuzi alikuwa akitafuna ganda la ndizi. Kivuli chake kilikuwa doa dogo chini ya tumbo. Kando yake hakikutokeza hata unywele.

"Kadogo," alisema Bibi kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma, "na wewe umeacha dawa?"

Mtu mmoja alicheka. Wa pili akageuka kutazama. Punde nusu ya watu wa ndani ya kamba walikuwa wakitazama nje ya kamba: fimbo haina kivuli, nguzo ya umeme haina, waliokuja kushangaa hawana, baiskeli ya muuza maji imebakiwa na mstari tu chini ya magurudumu. Aleluya zilipungua moja moja.

Mwinjilisti alisogea mpaka kwenye kamba. "Lakini niliona," alisema, kama anayejisemea. "Mwaka jana, Urambo, tarehe kama ya leo. Tulikuwa kwenye maombi mchana. Niliona kwa macho yangu."

"Shikamoo," alisema Agnetha, maana hata kama alimkasirikia, alikuwa mkubwa kwake. "Siku ile uliwaangalia na wasiokuwa kwenye maombi?"

Ezekia alimtazama mbuzi.

"Hapana," alisema.

Bibi aliinua kamba, akapita chini yake, mgongo ukilia. Hakumlaumu mtu. Alimwambia tu yule kijana, "Mwanangu, waambie hawa watu wakanywe dawa zao. Wewe ndiye uliyewaambia waache, na wewe ndiye watakayemsikia." Ezekia alisimama kidogo, kisha akarudi katikati, akaanza kuifungua kamba kwenye kigingi kimoja baada ya kingine, na kwa ile sauti yake iliyokauka akawaambia.

Wakirudi nyumbani, Bibi kamshika Agnetha bega na Mwalimu akimvuta Kadogo asiyetaka kuvutwa, Bibi alisema, "Mwalimu, nimeaibika. Nilimweka Mungu kwenye mtihani usiomhusu."

"Hujaaibika, Bibi. Ulikubali kupimwa mbele ya watu, wengi hawathubutu." Kisha akageuka kwa Agnetha. "Na wewe usivimbe kichwa. Jumamosi ile ulikuwa na uhakika kama wa mwinjilisti, na ulikosea kama yeye. Tofauti ni kwamba ulirudi ukapima upya. Ukiambiwa jambo linaloweza kupimwa, liwe limetoka madhabahuni, kwenye simu, au kwangu mimi mwalimu wako, lipime kabla hujaweka afya ya mtu juu yake. Na uangalie nje ya kamba pia. Likiwa la kweli, kupimwa hakutalidhuru."

Bibi alikunywa kidonge mlangoni, kabla hata ya kuvua viatu, Bertila akimshikia kikombe kwa mikono miwili.

Kesho yake chumba kilikuwa bado giza. Kitanda kililia. Mkono ulipapasa chini. Kacha-kacha. Kifuniko, maji, "Asante Yesu." Agnetha alitabasamu ndani ya shuka, akijiandaa kwa dakika zake kumi.

"Mke mwenzangu," alisema Bibi gizani, "hicho kijiti chako kinasemaje leo?"

Agnetha alikaa kitandani, akafikiri vizuri kabla ya kujibu.

"Jana jua lilivuka utosi wetu; leo kivuli kitaelekea kaskazini."